Farasi wa Baharini na Chumvi ya Ng'ombe

Marahaba, kama mmesalimia. Kama hamjasalimia, salimieni kwanza ndipo muendelee kusoma. Nasubiri.

Jina langu ni Ghati. Nimezaliwa Nyanungu, kwa watu wa ng'ombe, na nimekuwa mhudumu wa maabara kwenye shule moja ya sekondari upande wa Serengeti, tangu miaka ile ya vijiji vya ujamaa mpaka magoti yalipokataa kusimama siku nzima. Kazi yangu ilikuwa kuosha chupa, kukamata vyura, kukausha majani na kufuga mende. Ndiyo, mende. Watu wanawaua majumbani kwao, mimi serikali inanilipa kuwanenepesha. Siku hizi wanafunzi wanaonyeshwa picha kwenye kompyuta na chura anabaki salama mtoni, sawa, sina ugomvi na mtu. Lakini yule kijana aliyechukua nafasi yangu alinijia juzi akaniuliza, "Bibi, ni kweli hapa mliwahi kufuga farasi wa baharini? Hapa, ambapo hata maji ya kuoga ni ya kugombea?" Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia pia kwamba mmoja nilimuua mimi. Basi nawaandikia wote, asije akawasimulia nusunusu.

Farasi wa baharini ni samaki, ingawa ukimwona utaapa siye. Kichwa chake ni cha farasi, mkia wake ni wa kinyonga, ngozi yake ngumu ina mistari kama muhindi uliopukuchuliwa. Urefu wake ni kama kidole cha kati. Haogelei kwa kulala kama sato, anasimama wima, anapepea kapezi kadogo mgongoni, na akichoka anazungusha mkia kwenye kijiti anatulia hapo.

Aliyewaleta ni Mwalimu Sefu, mwalimu wa baiolojia, mtu wa Tanga. Alipopangiwa kwetu wenzake walikuja na magodoro na majiko. Yeye alikuja na chupa ya mdomo mpana aliyoipakata siku tatu njiani, ndani yake farasi wawili, dume na jike, na nyuma ya lori madumu sita ya maji ya bahari. Mafuta ya taa yalikuwa adimu wakati huo, kwa hiyo vijana pale stendi walipoyaona madumu wakagombania kumbebea. Mmoja akafungua akaonja. Wee! Alitema mpaka machozi yakamtoka, akamuuliza Mwalimu kwa nini anasafirisha maji mabovu hali mto Manchira upo.

Mwalimu Sefu akatengeneza tangi kwa vioo vinne vya dirisha na fremu ya chuma, akaziba pembe. Umeme hatukuwa nao. Hewa ya kwenye maji tuliipata kwenye tyubu ya lori. Unaijaza kwa pampu ya baiskeli, unafunga mpira wa dripu tuliopewa zahanati, unaikaza ile koki yake mpaka mapovu yatoke moja moja. Ukijaza asubuhi, inakufikisha jioni. Nilijaza tyubu ile miaka mpaka mkono wangu wa kulia ukawa mnene kuliko wa kushoto, na mume wangu alikuwa akinitania kwamba akinikosea anachagua kukaa kushoto.

Sasa chakula, maana hapo ndipo kazi ilipo. Huyu mnyama hali kitu kilichokufa. Umpe dagaa wa kusagwa, umpe mkate, umpe nyama, atakutazama kwa jicho moja huku jicho lingine linaangalia mambo yake. Anataka kitu kinachocheza. Na hakimbizi. Anasubiri kipite mbele ya mdomo, ndipo anakivuta, chwp! kimeingia. Halafu hana tumbo la kuweka akiba. Ng'ombe akishiba anacheua mpaka jioni, huyu anapitisha tu, kwa hiyo lazima ale mara tatu au nne kwa siku, kila siku, Jumapili na sikukuu. Huko kwao baharini wanakula vidudu vidogo vya majini. Sisi bahari tungeitoa wapi? Mwalimu Sefu alijaribu kila kidudu, mwisho akapata viluwiluwi wa mbu. Ukiwatia kwenye maji ya chumvi wanacheza dakika chache kabla hawajafa, na dakika hizo zinatosha.

Nikafundishwa. Pipa la maji ya mvua nyuma ya maabara, shada la nyasi kavu ndani, kofi moja la samadi, mbu wenyewe wanakuja kutaga bila barua ya mwaliko. Siku ya nne unachota. Usimwage yale maji ya pipa kwenye tangi hata tone, yananuka na yanaua. Chuja kwa kitambaa, suuza mara tatu kwa maji safi, wachague wadogo wanaoingia kwenye ule mdomo mwembamba, wanyonye na kile kichupa cha dawa ya macho chenye mpira, kisha wadondoshe mmoja mmoja karibu na pua ya farasi. Jike wetu alikuwa na haya. Ukianza na dume, dume atakula vyote. Kwa hiyo anza na mwenye haya, na ukimaliza toa kila kilichokufa kabla hakijaoza.

Jambo moja nililigundua mwenyewe, na Mwalimu Sefu aliliandika kwenye daftari kwa jina langu. Farasi walikuwa wanakula na bado wanakonda. Nikamwambia, "Mwalimu, kwetu ng'ombe akila majani makavu, maziwa yanakuwa maji. Hawa viluwiluwi wenyewe wanakula nini?" Viluwiluwi wetu walikuwa wanakula nyasi zilizooza tu. Nikaanza kuwapa machicha ya pombe ya wimbi na unga kidogo wa dagaa, siku moja kabla ya kuwachota. Baada ya wiki mbili farasi walirudi na mwili. Tatizo likawa kwangu, maana nilikuwa naonekana kila Jumatano natoka kwa mama muuza pombe na kibakuli nimekifunika. Kanisani nilisemwa mpaka mzee wa kanisa akaja kunusa pipa.

Na dume ndiye anayebeba mimba. Msikatae, niliona kwa macho yangu. Jike anamtilia mayai kwenye mfuko wa tumboni, jike anaondoka zake, dume anavimba. Mwezi wangu wa pili kazini alizaa watoto zaidi ya mia, kila mmoja kama kipande cha uzi. Wazazi walikuwa wamekuja shuleni siku ile, na mzee mmoja mwenye fimbo akauliza, "Mura, wewe kijana, unasema aliyezaa ni huyu mwanaume?" Mwalimu Sefu akasema ndiyo, Mzee. Yule mzee akafikiri sana, akasema, "Basi usiwaonyeshe wake zetu." Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Lakini hatukuwa na chakula kidogo kiasi cha kuingia midomoni mwa wale watoto. Nilichuja maji ya madimbwi kwa kitambaa cha kanga nikapata viroboto wa maji, wadogo kweli, bado walikuwa wakubwa kwao. Siku ya sita hakubaki hata mmoja. Niliwatoa kwa kijiko, na nilisikia uchungu, tena uchungu wa kweli.

Mkuu wa shule alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, wa kaunda suti, anayeongea taratibu kama anasoma. Hakulipenda lile tangi. Wanafunzi walikuwa wanakwenda na ndoo mpaka mtoni, naye anaona maji yamekaa kwenye kioo kwa ajili ya samaki wawili wasioliwa. Mimi nilikuwa kwenye miezi sita ya majaribio, bado sijathibitishwa. Ikafika barua kwamba mama yake Mwalimu Sefu anaumwa Tanga, akaomba likizo ya mwezi mmoja. Mkuu akaniita ofisini.

"Ndugu Ghati," akasema, "wale watoto mia walikufa wote."

"Ndiyo, Mkuu."

"Wamebaki wawili. Mhudumu wa maabara kazi yake ni kutunza. Siku Mwalimu anaporudi ndiyo majaribio yako yanaisha. Nitakuja nitazame tangi. Nikiwakuta, nitasaini fomu yako. Nisipowakuta, sitaweza kukudanganya, utarudi nyumbani."

Nyumbani. Niwaeleze maana yake, maana ninyi mnabadilisha kazi kama viatu. Nilikuwa msichana wa kwanza katika ukoo wetu kuajiriwa kwa barua. Watu walikuwa wamekuja kunichumbia wakiwa na ng'ombe, ng'ombe wengi, na baba yangu aliwakatalia mbele ya wazee. Alisema, "Mwanangu ana kazi ya serikali, ng'ombe watangoja." Hakuna mzee aliyekuwa amewahi kusikia ng'ombe wakiambiwa wangoje. Walimcheka, naye akavumilia kicheko hicho kwa sababu yangu. Ningerudi sina kazi, baba yangu asingeweza kukaa tena kwenye kikao cha wazee akainua uso. Hilo ndilo lililokuwa kwenye tangi lile, pamoja na farasi wawili.

Nilimweleza Mwalimu Sefu sharti la Mkuu, naye akaondoka, ameniachia daftari na chelezo. Chelezo chenyewe kilikuwa kichupa kidogo cha dawa, ndani kina mchanga kidogo, nje kimechorwa mstari mwekundu. Kinaelea kwenye tangi. Mstari ukiwa sawasawa na uso wa maji, chumvi iko sawa. Maji yakipungua, akasema, ongeza maji ya mvua tu, matamu, usitie kingine. Nikaitikia ndiyo Mwalimu, ndiyo Mwalimu, jinsi mtu anavyoitikia gari likiwa linaunguruma.

Wiki mbili zilikwenda vizuri. Ya tatu akaja Bwana Afya.

Huyu aliitwa Wambura, kijana wa Kinata, mchapakazi, anazunguka vijiji kwa baiskeli akikagua vyoo na madimbwi. Siku ile mimi nilikuwa nimekwenda kuchota maji. Narudi, namkuta nyuma ya maabara ameinamia pipa langu na kopo la oili chafu mkononi, na uso wa maji tayari unang'aa rangi za upinde wa mvua.

"Kaka, unafanya nini?"

"Dada, hili pipa limejaa mbu! Nani analimiliki?"

"Mimi! Nawafuga!"

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Unafuga mbu," akasema. "Serikali inawaua, chama kinahimiza, na wewe umeajiriwa na serikali hiyohiyo, unafuga mbu."

Nikamkamata mkono nikamvuta mpaka kwenye tangi. Jike alikuwa ameshika kijiti chake, dume yuko karibu. Wambura akavua kofia. Alikaa pale nusu saa, anauliza maswali kama mwanafunzi, kisha akasema pole. Lakini pole haivui oili kwenye pipa. Viluwiluwi wote walikuwa wamekufa, na pipa jipya linahitaji siku nne. Ilikuwa kiangazi, kila dimbwi limekauka. Siku ile na ya pili farasi hawakula kitu. Siku ya tatu Wambura akarudi jasho linamtiririka, na chupa ya soda mfukoni. Alikuwa amekwenda vijijini kukagua, na kila alipokuta viluwiluwi kwenye tairi bovu au chungu cha kuku, hakumwaga oili, aliwachota. "Wahalifu hawa," akaniambia, "nimewakamata Issenye." Tangu siku hiyo akawa ananiletea, na mimi nikafunika pipa langu kwa chandarua asitoke hata mbu mmoja mkubwa, kama tulivyokubaliana.

Farasi wakala. Lakini jike alikuwa amelegea. Anashika kijiti, anakiachia, kichwa kinainama. Na maji yalikuwa yamepungua vidole viwili, maana jua lile lilikuwa kali na mimi kwa mahangaiko ya chakula nilikuwa nimesahau kuongeza.

Sikilizeni sasa ubongo wa mtoto wa mfugaji ulivyofanya kazi. Niliwaza hivi: hawa ni wa maji ya chumvi. Mimi tangu Mwalimu aondoke namimina maji matamu tu. Si chumvi inazidi kuisha? Na kwetu ndama akilegea, akiacha kula, akiinamisha kichwa, mtu hafikirii mara mbili, anampa chumvi ya ng'ombe. Analamba, jioni anasimama. Nilimwona baba yangu akifanya hivyo tangu sijaota meno ya pili. Nikaenda kwa jirani mwenye zizi, akanipa chumvi ya mifugo, ile ya mabonge, kwa moyo mmoja. Nikaiponda, nikaikoroga kwenye maji, nikatia konzi tatu kwenye tangi. Nilifanya hivyo kwa upendo kabisa. Hata niliimba.

Ninyi mliosoma mmeshashika vichwa. Maji yakikauka, ni maji yanayoondoka, chumvi inabaki. Mchuzi ukiuacha jikoni sana si unazidi chumvi? Mimi napika kila siku, nalijua hilo vizuri, na bado sikulileta kichwani. Maji yangu tayari yalikuwa na chumvi nyingi kupita kiasi, nami nikaongeza, tena chumvi yenye madini ya mifugo ambayo samaki hayavumilii. Na chelezo kilikuwa palepale kinaelea, mstari mwekundu umenyanyuka juu ya maji upana wa kidole. Sikukitazama. Niliwatazama farasi kwa macho ya zizini.

Asubuhi nilipofika jike alikuwa amelala chini ya tangi, mkia umefunguka. Dume alikuwa anahema haraka, mashavu yanakwenda kama mtu aliyepanda mlima na mzigo. Ndipo nikaona chelezo.

Wambura alikuwa amekuja na chupa yake ya viluwiluwi. Akavua koti akaanza kupampu tyubu. Mimi nikatoa maji ya tangi kikombe, nikatia maji ya mvua kikombe, nikasubiri, nikatoa tena, nikatia tena. Usifanye kwa haraka, samaki aliyezoea ubaya ukimpa wema wote kwa mara moja anakufa vilevile. Tulifanya hivyo tangu kengele ya kwanza mpaka wanafunzi wanarudi mabwenini. Mstari mwekundu ukashuka, ukakaa sawa na maji. Dume akashika kijiti. Nikamdondoshea kiluwiluwi mmoja, akakitazama, akakivuta.

Jike nilikuwa nimemweka kwenye chupa ya spiriti, kwa ajili ya somo. Ndiyo kazi yetu, hata anayekufa anafundisha.

Wambura akakaa kwenye kiti cha maabara akiwa amechoka. "Mkuu anakuja lini kutazama?"

"Amesema Ijumaa, hangoji tena Mwalimu arudi Jumamosi."

"Mwambie ni oili yangu," akasema. "Si niliimwaga kweli? Shule nzima iliniona. Mimi nimeajiriwa na wilaya, Mkuu hawezi kunifukuza. Atanikemea, nitainamisha kichwa, basi."

Nisiwadanganye, nililipenda wazo hilo. Nililala nalo siku tatu. Lilikuwa na ukweli ndani yake, na uongo wenye ukweli ndani yake unamezeka vizuri. Nilimwona baba yangu amekaa na wazee, nikajiambia Ghati, sema oili, oili, neno moja tu. Alhamisi nililifanyia mazoezi nikiwa naosha chupa.

Ijumaa Mkuu akaja. Alisimama mbele ya tangi mikono nyuma. "Namwona mmoja," akasema. "Mwingine yuko wapi?"

Nikafungua mdomo niseme oili. Wambura alikuwa mlangoni na kofia yake mkononi, yuko tayari kukemewa kwa ajili yangu, na nilipomwona hivyo nikashindwa. Kijana wa watu, aliyezunguka vijiji vyote ananitafutia viluwiluwi.

"Nimemuua mimi, Mkuu. Niliwapa chumvi ya ng'ombe."

"Chumvi ya ng'ombe."

"Alikuwa amelegea. Nikadhani atasimama."

Mkuu hakucheka wala hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Aliuliza, "Na huyu mwingine alibaki vipi?" Nikamweleza vile vikombe. Akaitikia kwa kichwa, akasema tusubiri Mwalimu arudi, Jumatatu saa nne niende ofisini. Akaondoka. Wambura akaniambia, "Dada, wewe ni mjinga," halafu akafuta macho kwa kofia.

Jioni ile nilifunga vitu vyangu kwenye sanduku. Havikuwa vingi.

Jumamosi Mwalimu Sefu akashuka kwenye lori, vumbi mpaka kwenye nyusi, amepakata chupa ya mdomo mpana. Nikamkimbilia. Nikamsalimia, nikamuuliza hali ya mama, akasema anaendelea vizuri, alhamdulillahi. Kisha nikamwambia yote kwa pumzi moja. Yeye akawa ananyanyua ile chupa machoni mwangu, ananyanyua tena, mimi naendelea kulia sioni. Mwishowe nikaona. Farasi wa baharini, majike matatu.

"Nilijua nitakuta maji matupu," akasema. "Hawa si wanyama rahisi, Ghati. Mimi mwenyewe kabla ya wale wawili niliua sita. Nilisema nikifika usiku huu natia wawili ndani, Mkuu akija anakuta wawili, mambo yamekwisha. Sasa ungengoja siku moja tu!"

"Mkuu alikuja jana, Mwalimu. Nimeshamwambia."

"Kwa nini lakini?" Akashika kiuno kwa mkono mmoja. "Binti, kwa nini?"

Nilikuwa na hasira, nawaambia ukweli. Mwezi mzima ninahangaika, mtu ameniachia daftari na chelezo, kumbe moyoni alishawazika wote wawili na mimi juu yao.

Jumatatu saa nne kamili tukawa mbele ya meza ya Mkuu, Mwalimu Sefu na mimi. Sanduku langu nililiacha nje ya mlango. Kabla sijasema neno Mwalimu akaanza. "Mkuu, yule jike alikuwa mgonjwa hata kabla sijaondoka. Nilipaswa kukujulisha. Angekufa tu, chumvi au bila chumvi. Ndugu Ghati hana kosa."

Ulikuwa uongo mtupu. Jike aliachwa mzima, anakula. Nilimwangalia Mwalimu, naye akaangalia ukuta.

Mkuu akavuta mtoto wa meza, akatoa karatasi, akaigeuza upande wangu. Ilikuwa fomu yangu. Imesainiwa, imepigwa mhuri, tarehe ya Ijumaa.

"Nilisaini nilipotoka maabara," akasema kwa ile sauti yake ya kusoma. "Kule ndani kuna tindikali, kuna spiriti, kuna sumu. Nikimpata mtu anayeniambia amekosea siku hiyohiyo aliyoulizwa, simwachii arudi Nyanungu." Akafunika kalamu yake. "Mwalimu Sefu, wewe ndiye sijui nikuweke kwenye majaribio miezi mingapi."

Mwalimu Sefu alicheka kwanza, kisha Mkuu, na mimi nikawa nimesimama nimeshika karatasi kwa mikono miwili, najaribu kusoma jina langu na herufi zinaogelea. Nilitaka kumwambia Mkuu asante, nikataka kumwambia kwamba kuna mzee Nyanungu ambaye hamjui na amemwinua uso. Lakini nikageukia saa ya ukutani, nikaona saa nne na nusu. Nikaomba ruhusa nikatoka mbio, nikaliruka sanduku langu pale mlangoni, maana dume na wageni wake walikuwa hawajala tangu asubuhi, na nilidondosha viluwiluwi mmoja mmoja huku machozi yananitiririka na siwezi kuyafuta, mikono yote miwili ina kazi.